Kipenga, Aliyeanzisha Mbio za Magari za Msituni

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, tuliyefuatana kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kipenga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, nyumba ya tatu kutoka kwenye msumeno mkubwa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba yetu, mnoa misumeno, na mama yetu, fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya palepale kiwandani kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, kisha akajiunga na chuo cha misitu, alikohitimu upimaji mwezi Novemba 1970, na tarehe 4 Januari 1971 akaajiriwa na ofisi ya misitu kuwa mpima njia, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tatu kwenye meza ileile ya kuchorea, chini ya dirisha lisilofunga sawasawa, ramani zake akizianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Mwaka 1976 madereva wawili wa malori ya magogo walibishana kantini siku tatu mfululizo, kila mmoja akidai yeye ndiye anayefika kiwandani upesi, mpaka kaka uvumilivu ukamwisha, akawaambia, "Maneno hayana spidi, leteni magari, mimi nitaleta saa." Hivyo ndivyo mbio za msituni zilivyozaliwa. Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1976 yaliondoka magari saba, yakarudi mawili, moja likiwa halina mlango, na bado watu wakauliza lini tena, na kufikia mwaka 1985 magari yalikuwa thelathini na manne, mengine yakitoka miji ya mbali. Njia yote, kilomita sitini na mbili, aliipima yeye kwa miguu, kanuni akaziandika kwa mkono wake, na kipenga kikawa hakimtoki shingoni, akiwafukuzia watazamaji waliosogelea kona, na nyumbani akitupulizia hata sisi tukiisogelea chai yake.

Tarehe 22 Aprili 1978 alifunga ndoa na karani wa masjala wa ofisi yao, shemeji yangu mcheshi, aliyejua kuzisoma ramani kuliko hata mchoraji wake. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1982, ambaye leo ni mkunga, na ndiye huyu aliyeketi hapa mbele. Shemeji hakuridhika kutazama mbio kwa pembeni, akaingia kwenye gari la kaka yake wa kuzaliwa, akawa msoma njia wake, yaani yule anayekaa kando ya dereva akimtajia kona kabla hajaziona, na mwaka 1986 na 1989 walishinda.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au parukwe, tukakubaliana pasomwe.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1991 mvua ilinyesha tangu asubuhi, redio ya mawasiliano ikakatika, na kaka na mimi tulikuwa kituo cha nne, yeye akiandika namba za magari, mimi nikishika saa. Magari ishirini yalikuwa yakiachiwa moja baada ya jingine, kila dakika mbili. Gari la sita likapita, kisha likapita la nane. La saba, lililowabeba mke wake na yule kaka wa mkewe, halikuja. Njia pale ni nyembamba, kushoto mwamba, kulia bonde, na anayeingia kwa kinyume anakutana uso kwa uso na magari yanayokuja, ndiyo maana kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe ilisema asiingie mtu kabla gari la mwisho halijapita. Kituo cha kuanzia hatukuweza kukiambia kitu. Aliwapungia mkono madereva waliopita, akiwaonyesha namba saba kwa vidole, nao wakatikisa kichwa, maana gari lilikuwa limeporomokea bondeni, vichaka vimelifunika.

Nilimvuta koti nikamwambia, "Kaka, twende!" Akasema, "Bado kumi na moja." Nikamwita majina ambayo sitayarudia mbele ya mwanawe. Akasema, "Bado matano," huku kalamu ikichana karatasi iliyolowa. La ishirini lilipopita alikimbia, na mimi, niliyemzidi mbio tangu utotoni, sikumfikia. Mke wake alikuwa amekwisha fariki. Kaka wa mkewe, miguu yote miwili imevunjika, alituambia, "Alikuwa anaongea, sasa hivi tu alikuwa anaongea." Daktari alisema baadaye kwamba hata angefikiwa mapema labda asingepona, na hilo neno labda kaka aliishi nalo miaka thelathini na mitatu.

Watu walimwuliza kwa nini hakwenda, wakweze wakamlaumu, mimi mwenyewe nikakaa miaka minne bila kumsalimia. Alijibu mara moja tu, mbele ya kikao cha wakwe, "Ningeingia, ningeua na dereva asiye na kosa," kisha hakujitetea tena. Alimlea binti yake peke yake, akisuka nywele zake vibaya hadi alipojifunza. Mbio zilisimama, wengine wakazifufua mwaka 1993 bila yeye, zikafa kabisa mwaka 1999 msitu ulipovunwa, na naye akastaafu tarehe 30 Juni 2004.

Maradhi ya mapafu yalianza mwaka 2019, yakapanda na kushuka, na tarehe 20 Februari mwaka huu wa 2025 alilazwa, akawekewa mashine ya kupumulia, nasi tukawa tunakaa kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba mwenzake ana dawa. Siku ya tisa alikuja yule shemeji yake dereva, kwa magongo yake, na ameniomba mwenyewe niyasome haya hadharani. Aliinama kitandani akasema, "Shemeji, niliwaambia watu breki zilikatika. Hazikukatika. Dada aliniambia nipunguze, mimi nikataka kuokoa sekunde. Nisamehe." Kaka hakufumbua macho. Shemeji akangoja mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, akamwuliza muuguzi kama mgonjwa anasikia, muuguzi akasema wengine husikia. Zaidi ya hapo hatujui, wala hatutajua. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kila walichoweza, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya misitu, na madereva wa zamani wa mbio, mliokuja na vichwa vyeupe. Tunamshukuru pia shemeji, kwa kuusema ukweli ambao angeweza kuzikwa nao.

Kaka, mimi siku zile kumi na tisa za hospitali nilikuongelesha habari za mvua na bei ya mbao, kila siku nikisema kesho nitasema lililonileta. Nimechelewa, nalisema leo: pale kituoni hukukosea. Pumzika kwa amani.