Mama Hewa Safi na Machujio Aliyorudi Kuyatoa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, familia imenituma mimi, mtoto wa mwisho, niwasomee maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa yapo humu mambo yanayotutia haya kuyasema mbele yenu, lakini mwenyewe aliagiza yasomwe na yasirukwe.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la chumvi, akiwa mtoto wa nne wa mpakiaji mizigo na mkewe mfua nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na walimu walimsifu kwa mwandiko na kwa mkono mwepesi wa sindano, maana vifungo vya wenzake vikikatika alivishona kabla kengele haijalia.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha magodoro, upande wa kushona mifuko ya magodoro, akakaa kwenye cherehani ileile mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1999. Huko ndiko alikokutana na baba yetu, fundi bomba, ambaye alikuwa akisema kwamba aliitwa kiwandani kuziba bomba linalovuja, akarudi na mchumba pamoja na godoro lenye kasoro, na katika hivyo viwili godoro ndilo lililomsumbua. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu dereva wa lori mwaka 1985, dada yetu mwaka 1989, na mimi mwaka 1996. Baba alitangulia mwaka 2006, na tangu hapo mama alitulea kwa cherehani na kwa vipande vya sponji alivyokusanya kiwanda kilipofungwa.

Mwaka 2010, barabara ya malori ilipopitishwa mbele ya nyumba zetu, vumbi liliingia mpaka ndani ya vyandarua, na kila mwenye mtoto mdogo akaanza kutafuta chujio la hewa. Jirani yetu, Mama Pacha, ambaye yupo hapa, alinunua dukani chujio la karatasi la kuweka dirishani, na kabla msimu wa mvua haujaisha lilikuwa limelegea kama gazeti lililonyeshewa. Mama alilishika, akaligeuza, akasema kwamba sisi tunaokaa karibu na bahari hewa yetu ina maji, karatasi ni ya watu wa nchi kavu, kwetu kunatakiwa kitu kisichochanika. Hapo alikuwa sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotuletea aibu.

Alikata sponji nene, akaishonea kitambaa, akaitia kwenye fremu, akaibana dirishani, na baada ya wiki chache ilipotolewa ilikuwa nyeusi tititi. Aliinyanyua mbele ya wanawake waliokuwa bombani, akasema, "Tazameni, jamani, haya yote yangekuwa kifuani mwa mtoto!" Wanawake walishika vinywa, na wiki hiyohiyo oda zikaanza. Mtaa ulimwita Mama Hewa Safi, naye alilipenda jina hilo kuliko hata lake. Kadiri chujio lilivyokuwa jeusi ndivyo lilivyosifiwa, hata aliyeona lake limebaki jeupe alilirudisha akidhani ameuziwa bovu, na mama alimbadilishia kwa kumpa nene zaidi.

Mwezi wa Juni mwaka 2019, mvua zikiwa zimekatika, nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na mama alitaka kumwekea mjukuu chujio jipya. Alivuta chini ya kitanda mfuko wa nailoni alimokuwa amehifadhi chujio ambalo halijawahi kuwekwa dirishani, alilolifua na kulifunga bado lina ubaridi wa maji, akalikuta jeusi kama sufuria ya kuni. Alikaa kitandani na lile chujio magotini, akauliza, "Humu mfukoni upepo haupiti, sasa hili vumbi limeingilia wapi?" Alipouliza hivyo alikuwa ameshaelewa. Weusi ule haukuwa vumbi lililozuiwa, ulikuwa ukungu, sponji inakunywa unyevu wa hewa yetu na haikauki, ukungu unaota ndani yake, na upepo ukipita unaupeleka kwa aliyelala.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Pacha, ambaye mapacha wake walikuwa wakikohoa tangu mwaka uliotangulia, akamkuta ametoka nao zahanati, na Mama Pacha akamweleza kwamba muuguzi amemshauri afungue madirisha, naye amemjibu, "Hapana dada, sisi hatuna shida hiyo, tuna chujio la Mama Hewa Safi." Mama alikaa kizingitini. Aliomba msamaha akiwa pale chini, akalitoa chujio kwa mkono wake, na kikohozi cha wale watoto kilipungua mpaka kikaisha, jambo ambalo halikumfariji, kwa kuwa lilithibitisha kosa lake.

Sisi watoto wake hatukumsaidia. Kaka alimwambia, "Mama, funika kombe mwanaharamu apite, nani atajua?" Mama akamjibu, "Kombe litafunikika, kikohozi cha watoto wa watu nitakifunika na nini?" Alijifunga kanga akaanza kugonga milango, na huko ndiko alikokuta matusi na vicheko. Wapo waliomwita Mama Ukungu, na wapo waliokuwa wakiyapenda machujio yake kupita kiasi wakakataa kuyatoa. Mwashi mmoja alimwambia mlangoni, "Mwanangu, hili limenilia vumbi miaka yote, leo ndiyo limekuwa sumu? Kama una toleo jipya la kuuza, sema tu." Mama alicheka pale, akaja kulia jikoni. Nyumba zilizomfungia mlango hakuzirudia, alituambia kwamba aibu ilimshika miguu.

Walioendelea kumwuliza wachague nini aliwajibu bila kuuza kitu, kwamba kwanza watoe unyevu ndipo watafute chujio, dirisha lifunguliwe asubuhi upande wa upepo, kabati lisogezwe mbali na ukuta, na anayetaka chujio achague la wavu mwembamba linalofulika, alianike mpaka likauke kabisa, asilirudishe likiwa bichi hata kidogo, na kama linanuka, asibishane nalo, alitupe.

Novemba mwaka 2022 aligundulika kuwa na shinikizo la damu na moyo uliotanuka, mwezi Agosti mwaka 2023 alipata kiharusi kilichoupoozesha upande wa kulia, na kwa ulimi mzito alikuwa akitaja nyumba zilizobaki, fundi saa, nyumba yenye geti la kijani, mwashi. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yetu. Kwa sababu maneno yamekuwa mengi, tunasema wazi kwamba daktari alitueleza ni moyo, asitafutwe mchawi wala chujio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumwosha kama mama yao, tunawashukuru aliofanya nao kazi kiwandani, waliokuja kutoka mbali na kushona wenyewe kitambaa cha ndani ya jeneza, na tunawashukuru majirani wote, waliomcheka na waliomsamehe, na Mama Pacha kwa namna ya pekee, aliyekuja kumlisha uji kila asubuhi tangu kiharusi mpaka mwisho bila kuitwa.

Familia ina ombi moja tu. Mtakaporudi nyumbani, ingieni chumba wanacholala watoto, mtazame dirishani, na kama lile la sponji bado lipo, lifungeni kwenye mfuko mkalitupe. Msituletee, msituambie, hatutauliza ni nyumba ya nani, wala hatutahesabu nani alimkatalia. Kaka yetu ameomba nitamke kwamba lori lake litapita mtaani kesho asubuhi kuchukua taka za kila mtu, likiwa wazi nyuma, na yeye hatashuka kuangalia kinachotupwa.

Mama, milango uliyoogopa kuirudia tumekugongea sisi. Lala sasa, pumzika kwa amani.