Hati ya Kiwanja cha Kanisa

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Kamanga Mzee Ndalahwa aliposikia wanawake wawili wakizungumza mbele yake.

"Kanisa letu la Kimethodisti limeuzwa, dada. Hati ilikuwa na jina la marehemu mchungaji, wanawe wakarithi."

"Kwani hamkusajili bodi ya wadhamini?"

"Katibu wa enzi hizo alisema makaratasi ya nini, tunaaminiana. Akaandika jina la mchungaji."

"Kuaminiana hakurithiwi. Kiwanja ndicho kinarithiwa."

Ndalahwa akainamia maji. Katibu huyo alikuwa yeye.

"Yuko wapi sasa?"

"Alihamia Mwanza kabla sijaolewa pale. Hata sura simjui."

Kivuko kikagusa gati. Yule mwanamke wa kanisa lililouzwa akageuka, akamwona mzee, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Ndalahwa akafungua mdomo. Marahaba haikutoka.