Akina Lumb Watatu Ambao Hawakuzaliwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji, Mchungaji wetu, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama mliooka keki tangu alfajiri:

Mmeniaga kwa maneno matamu. Mwenyekiti amesema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja nimeyalinda makumbusho yetu kuliko mtu yeyote katika jimbo zima la Yorkshire. Nashukuru, ila mlinzi huwazuia wezi. Mimi niliwafungulia mlango na kuwauzia tiketi.

Mnakijua chumba cha Amos Lumb, kijana wa hapa aliyeondoka mwaka 1853 kutafuta njia ya bahari katika barafu ya kaskazini, asirudi. Kilichopatikana ni glavu moja na kijiko. Mnaijua pia ile riwaya ya enzi za Malkia Victoria, ambayo tumeiuza kuliko tulivyoisoma, yenye ukoo uitwao Lumb: kaka wawili wanaochukiana, na dada yao anayekufa kwa huzuni, taratibu mno, kurasa arobaini. Mwandishi alilipenda jina tu, ukoo akautunga. Lakini wageni hawamuulizii mtu wa barafu. Wanamuulizia dada.

Mwanzoni nilisema kweli, kwamba dada huyo hakuzaliwa. Mama mmoja akalia mpaka nikampa kiti changu. Aliyefuata alipoulizia kaburi, nikamwonyesha jiwe lililofutika maandishi. Nani kati yenu hakunisaidia? Nani alipanda maua pale? Nani aliuza biskuti zenye jina la marehemu?

Kila Novemba tunasoma kanisani majina ya wafu wa kijiji, na orodha naiandika mimi. Mwaka juzi wageni waliomba dada asomwe, nikamwandika. Mwaka jana wakaona si haki kuwatenga kaka zake. Karatasi ni moja na ilikuwa imejaa, basi nikamtoa Amos, kwa hoja kwamba hana kaburi hapa. Hoja hiyo niliitunga mwenyewe, na niliiona safi.

Bi Edith Lumb, kitukuu wa kaka yake Amos na Lumb wa mwisho kijijini, alinisubiri mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, na miaka yake tisini na mmoja.

“Arnold, wangu yuko wapi?”

Nikamwambia nafasi haikutosha.

“Aliganda kule, baba. Na hapa pia hamna pa kumweka?”

Mwezi uliopita halmashauri ilipoamua chumba cha Amos kiwe chumba cha kulala cha dada, na kitanda kikanunuliwa, hatimaye niliona aibu. Nikampelekea Bi Edith orodha mpya, Amos akiwa juu kabisa. Aliisoma kwa miwani, kisha bila miwani, akanirudishia. Akasema nimfute. Na akifa, naye nisimwandike.

Nikamuuliza kwa nini.

“Mkisoma Lumb, wageni watauliza nimo sura ya ngapi.”

Tulimzika Jumanne, wengi wenu mlikuwepo. Je, mliwaona wale wageni wawili waliopiga picha jeneza, wakiulizana kama huyu ndiye mama wa dada?

Mheshimiwa Mwenyekiti, orodha ya Novemba ni hii hapa, kazi yangu ya mwisho. Ina akina Lumb watatu. Nimetii nilivyoagizwa, na sina wa kumwomba radhi, kwa kuwa waliobaki hawakuwahi kuwepo.

Nawashukuru kwa keki, kwa saa ya ukutani mliyonizawadia, na kwa kunivumilia hadi hapa. Asanteni.