Ujumbe wa Kosa Uliochelewa Kumfikia Thacienne

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha kompyuta, Mchungaji Faustin uliyetufungulia kwa sala, Mwalimu Madeleine, wageni mliotoka Lilongwe asubuhi hii, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi wenzangu: nawasalimu kwa heshima. Wenyeji wetu wa Malawi, zikomo kwambiri, asanteni sana kwa kufika.

Mimi ni Igiraneza. Nimepewa kazi ya kueleza kile ambacho darasa letu limetengeneza. Ni kitu kidogo, ni ujumbe wa kosa tu, yaani maneno ambayo kompyuta huonyesha programu inapokwama, na furaha yangu si kamili, kwa sababu ulipopatikana ulikuwa umeshamchelewea mtu aliyeuhitaji kuliko sisi sote.

Wazazi wetu, mtu anayeandika programu kwa lugha ya Python haandiki kila kitu mwenyewe. Huita moduli, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, imsaidie kuchora au kuhesabu. Hapa kambini Dzaleka intaneti ni ghali, kwa hiyo Mwalimu hupakua moduli mjini Lilongwe, hutuletea kwa flashi, nasi tunaziweka kwenye kompyuta. Na kompyuta si ya mtu. Unaketi penye ile iliyobaki na chaji. Programu yako unatembea nayo kwenye flashi, lakini moduli inabaki pale ulipoiweka. Leo ni rahisi kulisema jambo hili. Wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Mnamjua Thacienne, binti wa Mama Kamaliza fundi cherehani. Alikuwa mbele yetu sote, na programu yake, iliyochora urefu wa foleni katika kila bomba la maji, ndiyo iliyotarajiwa kwenda kuonyeshwa Lilongwe. Siku ya majaribio aliketi kwenye kompyuta ambayo hakuwahi kuitumia. Akaiendesha programu, na maneno ya Kiingereza yakatokea: hakuna moduli yenye jina hilo. Aliyekuwa ametoka kwenye kiti kile ni Cadeau, msichana mwenzetu wa darasa.

"We Cadeau, umefuta vitu vyangu!"

"Mi? Mi nifute nini? Hata kuweka sijui!"

"Basi njo nani amefuta? Mashini yenyewe inasema haiko."

"Inasema haiko. Haijasema Cadeau."

Darasa zima likacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Muite polisi aifunge mashini!" Tukacheka zaidi. Mwalimu alimtaka Thacienne aombe msamaha, naye hakuomba, maana aliamini kweli kwamba kazi yake imeharibiwa. Alichomoa flashi akatoka, na hakurudi tena. Nafasi ya Lilongwe ikawa yangu. Nilikwenda, nikaonyesha kazi yangu, nikapigiwa makofi, na sikujua niyapokee vipi.

Je, ujumbe ule ulidanganya? Hapana. Moduli ilikuwa salama kwenye kompyuta nyingine, pale alipoiweka. Ujumbe ulitaja kilichokosekana, lakini haukutaja ulikotafuta. Ulimwacha msichana mwenye akili ajitafutie sababu mwenyewe, na sababu iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa jirani yake.

Cadeau ndiye aliyesema turekebishe ujumbe huo. "Tuandike yetu," alisema, "mi nimechoka kuitwa mwizi." Sasa moduli ikikosekana kwenye kompyuta zetu, chini ya Kiingereza hutokea Kiswahili: folda zilizotafutwa, majina yanayofanana na lile uliloandika, na hatua ya kufuata.

Jumamosi iliyopita Cadeau nami tulimpelekea Thacienne rasimu. Tulimkuta akipinda sketi za shule. Aliisoma hadi mwisho.

"Mumeandika 'hakuna mtu amefuta kitu'," akasema. "Mashini itajuaje? Toeni hiyo. Andikeni: nimetafuta kwenye kompyuta hii peke yake."

"Sasa unaniamini?" Cadeau akauliza.

"Nakuamini, dada, na unisamehe. Lakini siku ile mulicheka bote."

Ni kweli, tulicheka sote. Tulipomwomba arudi, aliuliza jambo moja tu: je, ataruhusiwa?

Mheshimiwa Mkurugenzi, kanuni ya kituo inasema kwamba aliyeacha masomo katikati haandikishwi tena, na darasa jipya linaanza Jumatatu. Najua viti ni vichache na wanaosubiri ni wengi. Siwezi kudai. Lakini mstari ulio bora katika kazi mnayoisifu leo ni wake, na aliuandika akiwa nje ya darasa, sindano mkononi. Kwa niaba ya wenzangu, na Cadeau akiwa wa kwanza, naomba aandikishwe. Na ikiwa jibu ni kwamba hakuna nafasi, tunaomba asiambiwe hivyo tu. Aambiwe mmetafuta wapi, na yeye afanye nini baadaye, ili asikae nyumbani akidhani kuna mtu amemfuta.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa uvumilivu.