Forodha wa Wodi ya Upasuaji Anafunga Kituo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaamsha wagonjwa ili awaulize kama wamelala, Sista mkuu wa wodi yetu ya upasuaji anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi wetu jina lake halisi tumelijulia kwenye kadi ya mwaliko. Sisi tunamwita Forodha, kwa sababu hakuna kikapu kilichopita mlangoni pake bila kufunguliwa.

Alianza kazi akiwa mwembamba na mkali. Wembamba ulimtoka, ukali tukabaki nao. Amewafundisha wauguzi wapya kufunga vidonda, na daktari bingwa mmoja, ambaye yuko humu ukumbini, kusema tafadhali.

Ila tutamkumbuka zaidi kwa yule fundi cherehani. Alipasuliwa tumbo, na kijishipa cha limfu, kile kinachobeba mafuta ya chakula, kikawa kinavuja. Mrija aliowekewa tumboni ukatoa maji meupe kama maziwa, mfuko baada ya mfuko, na fundi akakonda hadi suruali ikamkana. Tiba ilikuwa asiguse mafuta kabisa, ili tundu lizibe lenyewe. Lakini kila maji yalipoanza kuwa maangavu, kesho yake yalirudi meupe. Bingwa akapanga kumpasua tena Jumatatu, na kwa mwili ule hakuna aliyethubutu kuapa kwamba angeamka.

Forodha akapekua kila mtu. Alimpekua mke wa fundi, akanipekua hata mimi. Aliyepita na chupa yake ya chai kwa heshima zote ni mama mkwe tu, maana nani ampekue mkwe wa watu? Kumbe ndani ya chupa mlikuwa na maziwa mazito. Mama aliona mkwewe anatokwa na maziwa, akaamua kuyarudisha. Fundi alijua hatakiwi kunywa, lakini kuliko kukataa kikombe cha mkwe, aliona heri kisu.

Forodha aliponusa kile kikombe, tulijua mama anafukuzwa. Badala yake alimvutia kiti, akamweleza kwamba weupe ule unatokana na mafuta anayokula mgonjwa, kisha akamkabidhi ulinzi wa kitanda. Mama akawa mkali kuliko mwalimu wake. Hata bingwa aliacha biskuti zake nje. Jumatatu maji yalikuwa maangavu na machache. Upasuaji ukafutwa. Forodha aliingia stoo ya mashuka akalia, akatoka akisingizia vumbi.

Sista, asante sana. Gauni ulilovaa leo amelishona fundi, na kiunoni ameacha nafasi kwa makusudi. Keki imejaa siagi. Kula bila wasiwasi, pumzika, uzeeke vizuri: mama mkwe yuko mlangoni anapekua vikapu, zamu yako ina mtu.