Honi Tatu kwa Teresina: Maisha ya Nahodha Onesmus Laku, 1956–2016

Marehemu Nahodha Onesmus Laku alizaliwa Kator, hapa Juba, tarehe 14 Machi 1956. Vita vya kwanza vilimkimbiza akiwa mtoto hadi Gulu, Uganda, na huko ndiko alikosoma mpaka darasa la saba. Kiswahili alikipata huko, pamoja na mdomo wa utani ambao hakuna mwalimu aliyeweza kuufunga.

Amani ilipopatikana mwaka 1972 alirudi, akawa mfunga kamba kwenye meli za mizigo za Mto Nile, kati ya Juba na Kosti, kule kaskazini mwa Sudan. Kufikia 1980 alikuwa nahodha.

Kosti ndiko alikomwona Teresina, aliyekuwa akikaanga samaki bandarini. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1981. Kila akikaribia gati alipiga honi tatu ndefu, mkewe abandike chungu. Safari moja alijisahau akazipiga Malakal, na mama asiyemjua akamletea samaki, kisha akamdai bei yake. Tangu hapo Teresina alimpokea kwa swali moja tu: “Mke wa Malakal hajambo?”

Kusini ilipopiga kura Januari 2011, Laku alichagua mkono mmoja, alama ya kujitenga. Tarehe tisa Julai, siku ya uhuru, alicheza mpaka soli ikaachia. Teresina alibaki Kosti akimuuguza mama yake kipofu; walikubaliana kwamba angemfuata mumewe Juba baadaye. Miaka nenda miaka rudi serikali ya Khartoum ilikuwa imepigana tusiondoke. Tulipoondoka, haikutaka tukanyage kwake. Mwaka 2012 meli zilizuiwa mpakani, na Teresina, mzaliwa wa Kosti, akageuzwa mgeni kwa kuwa mke wa mtu wa Kusini: akitoka, harudi tena kwa mama yake. Laku aliomba viza mara nne, asijibiwe.

Norman, Mganda mwenye duka la jirani, alimwuliza, “Mzee, si ni wewe ulitaka mpaka? Sasa unalilia nini?”

“Nilichagua mkono mmoja, na leo ningeuchagua tena,” Laku akamjibu. “Sikusema niuachie wa mke wangu.”

Desemba 2013 risasi zilipolia Juba, binti zake walimsihi ahamie kwao Eldoret. Alikataa katakata: “Nikihama, mama yenu atanitafuta wapi?” Kila asubuhi alishuka bandarini kusikiliza honi. Alimkumbuka mkewe mno, wala hakuona haya kulisema.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2015. Januari 2016, Khartoum ilipotangaza kufungua mpaka, alinyoa ndevu akanunua chungu kipya. Meli haikuja. Alifariki nyumbani Kator, Jumamosi tarehe 2 Aprili 2016, akiwa na miaka sitini.

Ameacha mjane, Teresina, aliyeko Kosti. Binti zake Juwan na Keji. Na wajukuu watano.

Udongo wa kwanza ni haki ya mjane, kwa hiyo Keji atautupa kwa niaba ya mama yake. Kisha manahodha wenzake watapiga honi tatu ndefu kutoka bandarini. Tunaomba utulivu, kwa kuwa simu ya Keji itakuwa wazi na Teresina atakuwa anasikiliza. Amesema atabandika chungu.

Nahodha, funga kamba. Pumzika kwa amani.