Akianguka Mtu Darasani

Kijiwe cha Kivinje kiko chini ya bati la duka la Aqeel, na asubuhi hiyo bati lenyewe lilikuwa halitulii. Mtendaji alikwisha kupita na kipaza sauti: kimbunga kiko baharini, wa mabondeni wote jioni wahamie shuleni. Abilahi muuza kahawa alikuwa anamimina huku ameshikilia kofia. Boniface, fundi cherehani aliyehamia kutoka Rutamba, wenzake wakimwita Kimya, alikaa, akasimama, akakaa tena. Mfukoni alikuwa na vidonge viwili tu, na tangu juzi alikuwa anavikata nusu nusu.

— Kimya, una mchwa kwenye suruali? Kaa, bwana!

Huyo ni Hasani, fundi wa redio. Jina lake la kijiweni Satelaiti, kwa kuwa hakuna habari inayompita.

— Gari za Lindi zinapita? Boniface aliuliza.

— Lindi ya nini leo? Mto umejaa, magari yamelala ng'ambo. Tulia. Kimbunga chenyewe hakifiki. Kina haraka mno, na haraka haraka haina baraka.

— Methali haizuii upepo, Satelaiti, alisema Abilahi.

— Wallahi kinazuilika! Hiki wamekipa jina la kike. Wa kike akifika Kilwa akaona magofu, anajua hapa pana wenyewe, anakata kona kwenda Msumbiji.

— Na kile kilichong'oa mabati ya soko?

— Kile kilikuwa dume.

Wakacheka. Boniface hakucheka. Alikuwa anawaza darasa lililojaa mikeka, watu bega kwa bega, na yeye katikati yao bila dawa.

— Mimi naogopa kulundikana kule kuliko upepo, Satelaiti aliendelea. Wagonjwa watatuletea balaa. Mwenye kifafa, kwa mfano, upepo wa kimbunga unamchochea. Povu likikugusa umekwisha, nawe unaanguka. Hao wangetafutiwa banda lao. Samaki mmoja akioza...

— Shikamooni.

Wakageuka. Alikuwa mwalimu Skolastika, mgeni pale shuleni, amekuja kuomba wanaume wa kuhamisha madawati.

— Marahaba, mwalimu. Karibu kahawa.

— Asante. Nimesikia mnasema kifafa. Sasa akianguka mtu darasani, mtamfanyaje?

— Kijiko mdomoni, asing'ate ulimi, alisema Satelaiti.

— Kiatu puani, alisema Abilahi. Kiwe cha ngozi. Kandambili haifai.

— Kwa hiyo ni kijiko au ni kiatu?

Satelaiti akaelekeza kidole kwa Abilahi, Abilahi kwa Satelaiti.

— Mimi mwenyewe sijui, alisema mwalimu, ndiyo maana nauliza. Nitakuwa na watu darasa zima.

Bati likapiga kelele juu yao. Sauti ikamtoka Boniface kabla hajaizuia.

— Mgeuzeni ubavu. Muwekeeni nguo chini ya kichwa. Msimtie kitu mdomoni, msimkandamize. Kaeni naye mpaka azinduke. Ikizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Na povu haliambukizi, Satelaiti.

— Umejuaje wewe?

— Ni mimi.

Abilahi akaweka birika chini.

— Tangu lini, fundi?

— Tangu utotoni, Rutamba. Nikimeza dawa sawasawa sianguki. Sasa zimebaki mbili, na kliniki yangu iko Lindi.

— Lindi! Na hospitali hii hapa, unaliona paa lake? alisema Abilahi.

— Hapa mngeniona.

Satelaiti akamwaga machicha ya kahawa, akainuka.

— Twende.

— Wapi?

— Hospitali, kabla hawajafunga. Abilahi, msaidie mwalimu madawati.

Walikwenda wakiinamia upepo, mvua ikiwachapa usoni. Hospitalini muuguzi aliiangalia kadi ya Lindi, akamgombeza kwanza kwa kukata vidonge: dawa hii haipunguzwi kwa kukisia, na anayeisubiri imwishie ndiye anayeanguka. Kisha daktari akamwandikia dozi ya mwezi mzima. Muuguzi akaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni isilowe, akamwambia aivae shingoni, asiiache kwenye mabegi. Boniface akaomba maji, akameza kidonge kizima palepale.

Alipogeuka, Satelaiti alikuwa bado amesimama nyuma ya foleni, maji yanamchuruzika.

— Fundi! aliita kwa sauti ya kijiweni. Tunakugeuza ubavu upi? Wa kulia au wa kushoto?

Foleni nzima ikamtazama Boniface. Akakaza kamba ya mfuko shingoni, akajibu bila kushusha sauti:

— Wowote, Satelaiti. Mradi usiniache peke yangu.